Magazini Mbili Kati ya Nne, na Ushauri wa Koleo

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAGAZINI ZA KUCHOMOA ZA BUNDUKI YA BOLTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua magazini nne za chuma, yaani vyombo vinavyobeba risasi na kuilisha bunduki, za risasi 10 kila moja, kwa ajili ya bunduki yangu ya bolti (inayokokiwa kwa mkono kila risasi) inayotumia risasi ya .308 Winchester. Juu ya boksi mmeandika kwamba zinafaa bunduki yoyote yenye nafasi ya muundo wa AICS, muundo wa magazini za kuchomoa unaofuatwa na kampuni nyingi. Bunduki yangu inayo nafasi hiyo. Zote nne ziliingia, zote nne zikashika, na nilipobonyeza latchi, kile kitasa cha bunduki kinachoishikilia magazini, zote nne zilitoka bila kulazimishwa. Kama kazi ya magazini ingekuwa kuingia na kutoka, nisingekuwa na la kuandika.

Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo zilijibiwa na mhudumu wenu mwenye adabu sana, na simlaumu yeye, kwa sababu naona anasoma majibu aliyopewa. Ndiyo maana leo nakuandikia wewe.

Kwanza lililotokea. Ilikuwa siku ya mashindano ya shabaha ya watu wachache, risasi 10 ndani ya sekunde 90, mikao mitatu. Risasi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu nilikoki, nikalenga, nikafyatua, nikasikia "ta" kavu. Chemba tupu. Bolti ilikuwa imepita juu ya risasi kama mtu anayeruka dimbwi. Nikakoki tena, na safari hii ncha ya bolti ikaikamata risasi tumboni badala ya kuisukuma kwa kitako chake, ikakwama nusu njia. Nilipoitoa, ganda lilikuwa limebonyea na kichwa cha risasi kimezama ndani. Risasi ya namna hiyo haipigwi tena, kwani nafasi ya baruti imepungua na shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Niliiweka kando, nikainua mkono, nikaondoka kwenye mstari.

Alama nilizopoteza si kitu, nimeshazoea kuzipoteza kwa makosa yangu mwenyewe. Lakini magazini zenu hizihizi wapo wanaozibeba porini mbele ya wanyama wasiomngoja mtu akoki mara ya pili.

Nilivyorudi nyumbani sikukimbilia kulalamika. Niliziandika namba kwa rangi nyeupe, 1 hadi 4, jambo ambalo sasa namshauri kila mtu alifanye siku ya kwanza, maana magazini zisizo na namba zinafanana kama mapacha na mbovu hujificha katikati ya nzima. Nikachukua risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki, nikahakikisha hakuna risasi halisi chumbani, nikajaza na kumaliza kila magazini mara 20. Hizo ni risasi 200 kwa kila moja. Nusu nilikoki taratibu na nusu kwa kasi, kwa sababu ipo magazini inayoficha maradhi yake ukienda polepole: springi inapata muda wa kupandisha risasi inayofuata. Ukienda kasi inaumbuka.

Namba 1 na namba 4 hazikukosea hata mara moja. Namba 2 ilikosea mara 17. Namba 3 mara 41.

Jibu lenu la kwanza likawa kwamba huenda risasi zangu ni ndefu mno. Risasi ninazotumia ni za kiwandani. Kikomo cha urefu wa .308 Winchester katika viwango vya Marekani ni mm 71.37, na zangu zote nilizopima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipande vidogo, ziko chini ya hapo. Isitoshe, risasi ndefu hukwaruza ukuta wa mbele wa magazini na kukwama inapopanda. Yangu haikukwama ndani, ilirukwa na bolti. Ni maradhi mawili tofauti, na nilitarajia mtengenezaji ayatofautishe kabla yangu.

Jibu la pili likawa kwamba tatizo ni bunduki. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nalielewa hilo, basi nikaenda kuthibitisha. Niliazima magazini ya kampuni nyingine, ya muundo uleule, nikaipitishia risasi 200 za bandia kwenye bunduki yangu. Haikukosea. Kisha nikaziweka namba 2 na namba 3 kwenye bunduki ya mwenzangu, ya kampuni tofauti kabisa. Zikakosea kulekule kwa mtindo uleule. Kosa linalohama pamoja na magazini ni la magazini.

Hapo ndipo nilipoanza kupima, na nadhani sehemu hii mafundi wenu waisome wenyewe. Namba 2, midomo yake ya juu, zile kingo zinazoizuia risasi isiruke nje, imepanuka upande wa nyuma kwa mm 0.7 ukilinganisha na namba 1. Kwa macho huioni. Kwa risasi inatosha: inaachiwa mapema, pua inainuka kabla bolti haijaishika vizuri, na nikiigonga magazini kidogo mezani risasi ya juu inaruka nje yenyewe. Namba 3 midomo yake ni sawa, ila kishikizo cha nyuma, kile kinachokamatwa na latchi, kimechomelewa juu kuliko kwenye wenzake. Kishikizo kikiwa juu, magazini yote inaning'inia chini. Nililigundua kwa bahati tu, nilipoikandamiza kwa kiganja kutoka chini huku nikikoki: ikalisha risasi zote 10. Nikaondoa kiganja, ikarudia ugonjwa wake. Jaribio hilo halihitaji hata kalipa, na lingeweza kufanywa kiwandani kwenu na mtu mwenye bunduki moja na dakika mbili.

Sasa nifike kwenye jibu la tatu, ambalo ndilo limenikalisha kuandika barua ndefu hivi. Mhudumu wenu aliniandikia kwamba wateja wengine wenye shida kama yangu "hubana midomo kidogo kwa koleo" na mambo yakawa sawa. Nikachukua karatasi ya dhamana iliyokuja kwenye boksi. Inasema dhamana inakufa pale mteja atakapobadilisha umbo la sehemu yoyote ya magazini. Kwa hiyo idara moja inaniambia nibane, na karatasi ya idara nyingine inaningoja nikishabana.

Tena kubana kwenyewe si kazi ya kubahatisha. Mdomo ukiubana upande mmoja zaidi ya mwingine, risasi inapanda kwa kuegemea. Ukiubana mbele badala ya nyuma, unabadilisha mahali inapoachiwa. Na chuma chembamba kilichopinda mara mbili tatu huanza kuchoka palepale kilipopinda. Mtu anayejua kazi, mwenye kipimo na kifaa cha kushikilia, anaweza. Mimi sikununua magazini mpya ili niwe fundi wake.

Niruhusu nitoke nje ya mada kidogo, ingawa kwangu ndiyo mada yenyewe. Kwenye Mauser ya 1898, bunduki ya bolti ya Kijerumani, magazini ni sehemu ya bunduki. Risasi 5 zinakaa ndani ya tumbo la bunduki, na kingo zinazozizuia zisiruke zimechongwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe, na mkono uleule uliochonga njia ya bolti. Zikilisha vibaya unajua wa kumuuliza. Hata Lee-Enfield, bunduki ya bolti ya jeshi la Uingereza, ambayo magazini yake ya risasi 10 inachomoka, haikukusudiwa kubadilishiwa magazini ovyo. Zile za mwanzo kabisa zilifungwa kwa kiungo cha mnyororo zisiachane na bunduki, na baadaye askari alijaza kutoka juu kwa vibanio vya risasi tano tano.

Muundo tunaouzungumzia ulitokana na bidhaa ya kampuni moja ya Uingereza, Accuracy International, na wengine mkaufuata. Ni jambo jema. Mimi mwenyewe sitaki kurudi kwenye kujaza risasi mojamoja kutoka juu huku saa inakimbia. Lakini mjue mlichokichukua. Ile kazi ya kingo za Mauser, ya kuishika risasi kwa kimo kimoja na kuiachia mahali pamoja kila mara, imetoka kwenye bunduki na kuhamia kwenye bati lililokunjwa kwenye mashine yenu. Mlipoichukua kazi hiyo mliichukua pamoja na lawama zake. Haiwezekani magazini ikilisha vizuri iwe sifa ya kampuni, na ikilisha vibaya iwe kosa la bunduki ya mteja.

Wapo walioniambia niachane na chuma niende kwenye plastiki ngumu. Nimezijaribu pia. Midomo ya plastiki haipindi kimyakimya, lakini kuta zake ni nene na zinakula nafasi ya ndani, kwa hiyo anayejitengenezea risasi na kupenda kupachika vichwa vyake kwa urefu zaidi ya kiwango hubanwa mapema. Chuma kina nafasi, ila kikianguka kwa midomo juu ya saruji kinaweza kuharibika bila kukuambia. Kila kimoja kina bei yake, na sikuja kubishana kuhusu hilo. Namba 1 na namba 4 zinathibitisha kwamba mnajua kutengeneza magazini nzuri ya chuma. Ndiyo inaniudhi zaidi: ujuzi upo, ukaguzi ndio haupo.

Siku hizi nikishika magazini mpya, jina la kampuni nalisoma mwisho. Nakibonyeza kile kisahani cha ndani kinachosukumwa na springi kupandisha risasi, kwa kidole kwenye pembe ya mbele, kisha ya nyuma. Kikiinama na kukwama, naiacha. Naangalia michirizi ya kuchomelea kama imenyooka. Naipachika, naitikisa juu na chini, na nikiona inacheza sana najua kimo cha risasi kitacheza nacho. Naijaza risasi zote zinazotajwa kisha najaribu kuipachika bolti ikiwa imefungwa, maana zipo zinazobeba 10 mezani lakini hazikai kwenye bunduki mpaka ubakishe 9. Zenu hili zilifaulu, na nalisema kwa haki.

Kuhusu springi, mhudumu alinionya nisiziache zimejaa. Springi nzuri inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Na hizi zilikuwa na siku sita tangu zitoke kwenye boksi.

Ninachoomba ni hiki. Namba 2 na namba 3 mnibadilishie, na zitakazokuja ziwe zimepitishiwa risasi za bandia kwenye bunduki kabla ya kufungwa, pamoja na karatasi inayoonyesha hivyo. Gharama ya kuzituma na kuzirudisha iwe yenu. Kama hamwezi kuzijaribu, basi nirudishiwe fedha za hizo mbili na si vocha ya kununulia nyingine. Sitaki kuuziwa tena mbuzi kwenye gunia.

Naomba pia, ingawa hili halinihusu peke yangu, kwamba kwenye boksi muandike urefu wa ndani kwa milimita. Kuandika ".308" tu hakutoshi. Mtu wa 6.5 Creedmoor, aina nyingine ya risasi, anatumia magazini hiihii kwa kuwa kitako cha ganda kina upana uleule, na urefu anaohitaji si lazima uwe wangu. Na neno "zinafaa" mlifafanue: zinafaa kuingia, au zinafaa kulisha?

La koleo lifutwe kabisa kwenye majibu ya wahudumu wenu. Yupo mtu ambaye hatapima wala hatatumia risasi za bandia. Atabana kidogo, atajaribu na risasi halisi sebuleni, na barua itakayowafikia kuhusu huyo haitaandikwa na yeye.

Nitasubiri jibu kwa siku 14 tangu mtakapopokea kifurushi hiki. Baada ya hapo nitapeleka vipimo na picha hizi kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji, pamoja na nakala ya majibu yenu matatu.

Wako mteja,

(Sahihi)

Viambatisho: magazini namba 2 na namba 3, zikiwa tupu, picha nane zenye kalipa, daftari la majaribio, nakala ya karatasi ya dhamana, kifungu husika kimepigiwa mstari, nakala ya barua ya mhudumu inayotaja koleo.

NB: Midomo ya namba 2 iko kama ilivyotoka kwenye boksi lenu. Sijaigusa.