Otomatiki yaweza mbio ndefu, mradi oili isichemke

Mhariri,

Vijana wa hapa Kigoma wakianza kuzungumzia kuunda gari la mbio kwa fedha za kuchanga, neno la kwanza ni "tutafute la klachi", yaani la kubadili gia kwa mkono. Naomba nafasi nilipinge. Magari ya mtumba ya Kijapani yaliyojaa mitaani, kuanzia Probox hadi IST, mengi ni otomatiki, na anayeng'ang'ania la klachi hutumia fedha ambayo ingenunua mikanda ya usalama na breki. Huko Marekani, mbio za 24 Hours of Lemons, zilizoanza 2006, zilijengwa juu ya gari lisilozidi dola 500, vifaa vya usalama vikihesabiwa kando, na magari ya otomatiki hukimbia humo.

Kinachoua otomatiki kwenye mbio za saa nyingi ni joto. Nguvu ya injini hupita kwenye oili ya giaboksi ndani ya toki konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi, na konveta ikiwa haijajifunga kuzunguka sawa na injini, sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto. Kukanyaga na kuachia kila kona kunazidisha. Oili ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 120 za Selsiasi huacha utando kwenye vali, sili za mpira zinakakamaa, presha inashuka, na pleti za klachi za ndani zinaanza kuteleza. Zikiteleza zinazalisha joto jingine, na hapo giaboksi imekwisha. Dondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe: iliyo nzima ni nyekundu na husambaa sawasawa, iliyoungua ni ya kahawia, ina harufu kali, na katikati huacha chembe nyeusi.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye rejeta ndogo ya oili. Ile ya kiwandani iko ndani ya rejeta ya maji, na maji yakiwa nyuzi 90, oili haiwezi kushuka chini ya hapo. Funga ya nyongeza, ya aina ya sahani, mbele ya rejeta ya maji, kwenye bomba linalorudi giaboksi. Tumia hosi ya oili yenye kuhimili presha. Hosi ya maji huvimba na kupasuka. Vumbi la huku huziba mapezi yake upesi, basi lioshwe kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele. Rejeta ya maji ikiwa kuukuu, ibadilishwe kabisa, maana ikitoboka kwa ndani, maji huingia kwenye oili, nayo huwa kama maziwa ya waridi, na gundi ya pleti inaachia.

Kisha geji ya joto la oili, yenye sensa kwenye sampu, beseni la oili chini ya giaboksi. Kati ya 80 na 95, endesha. Ikipita 120, dereva alegeze mguu. Ikifika 130, aingie pembeni. Bila geji mnakisia tu.

Kubadili oili nako kuna makosa. Giaboksi ndogo ya gia nne inayobeba lita 7, ukifungua nati ya sampu zinatoka kama lita 3 tu. Nyingine imebaki kwenye konveta. Rudia mara tatu, ukiendesha gari kidogo kila mara na kupita gia zote, ndipo ya zamani itabaki chini ya sehemu moja ya tano. Badili na filta. Pima ikiwa ya moto, injini ikiwaka, na isipite alama ya juu: ikizidi, gia huichapa ikatoa povu, pampu ikavuta hewa, presha ikaanguka. Magari ya CVT, yale yenye mkanda badala ya gia, yaacheni.

Dereva asiliache kwenye D. Azime O/D, ile gia ya juu kabisa, na penye kona nyingi ashike 2, ili gia zisipande na kushuka katikati ya kona. Ajue pia kwamba injini haimsaidii sana kupunguza mwendo, hivyo padi zitaisha mapema na oili ya breki iwe mpya. Hayo ya joto yanamhusu pia anayepanda milima ya Manyovu na mzigo.

Gari likizima njiani, lisivutwe huku magurudumu yanayozungushwa na injini yakiwa chini. Injini ikizimwa pampu haizunguki, na ndani kunasagana pakavu.

Kwa wanaokagua magari kabla ya mbio, nina ombi moja. Oili ikichemka hutoka kwenye tundu la kupumulia la giaboksi na kudondokea ekzosi, na oili hiyo inashika moto. Gari lolote la otomatiki lisiruhusiwe kuingia bila hosi ya kuitoa kwenye tundu hilo hadi kwenye chupa iliyokazwa imara garini, mbali na ekzosi.

Fundi wa giaboksi,
Mwanga, Kigoma