Nyumba za punguzo Cornwall: someni mkataba kabla ya kulipa

Mhariri,

Makala yenu iliyowahimiza wasomaji walioko Uingereza wakanunue nyumba za punguzo, yaani zinazouzwa chini ya bei ya soko, vijijini Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilitaja bei, ikaruka masharti. Wengi hukwama kwenye masharti.

Nyumba hizi hutokana na mkataba kati ya mjenzi na halmashauri, chini ya kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya 1990. Tuseme bei ya soko ni pauni 280,000 na punguzo ni asilimia 30: utalipa 196,000. Benki kwa kawaida hukopesha hadi kama mara nne na nusu ya mapato ya mwaka, kwa hiyo mwenye pauni 30,000 atapewa 135,000 na zile 61,000 atafute mwenyewe. Mshahara mmoja hautoshi hata baada ya punguzo. Tena, siku ya kuuza, utauza kwa asilimia ile ile pungufu.

Mkataba wenyewe umo katika kumbukumbu za vibali vya ujenzi za halmashauri, na yeyote anaruhusiwa kuusoma. Chukua nakala, mpe mshauri wako wa mikopo kabla hujamlipa mkaguzi wa nyumba hata senti. Aangalie kama mkopeshaji, akiitwaa nyumba kwa deni, anaruhusiwa kuiuza bila masharti. Kipengele hicho kisipokuwepo benki nyingi hukataa, maana hazina hakika ya kurudisha fedha zao. Zinazokubali huweza kudai malipo ya awali makubwa zaidi. Kisha atazame zamu za wanunuzi: mara nyingi wenyeji wa kata hutangulia, baada ya wiki kadhaa hufuata kata jirani, ndipo kaunti nzima. Hesabu wiki hizo, kwani utazisubiri wewe ukiwa muuzaji, na nyumba unayotaka kuhamia inaweza kukuponyoka.

Nyumba zilizouzwa zamani na halmashauri kwa wapangaji wake nazo zina mtego. Kwenye maeneo ya vijijini yaliyotengwa kisheria, kifungu cha 157 cha Sheria ya Nyumba ya 1985 huweza kumtaka mnunuzi awe ameishi au kufanya kazi eneo hilo miaka mitatu mfululizo kabla ya kununua. Mauzo yanayokiuka sharti hilo ni batili. Mtu aliyehamia juzi kutoka Birmingham asianze hata kulipia wakili.

Jambo jingine ni maji taka. Nyumba nyingi za kijijini hazijaunganishwa na bomba kuu, zina karo, yaani tangi la maji taka lililofukiwa ardhini. Tangu 2020 karo la kawaida haliruhusiwi kumwaga maji moja kwa moja mtoni au mtaroni. Lazima libadilishwe, ama uwekwe mtambo wa kusafisha, ama maji yapitishwe kwenye mabomba yenye matundu yaliyofukiwa ardhini. Uliza maji yanaishia wapi kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu gharama hiyo ni maelfu ya pauni. Pasipo gesi ya bomba, nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta ya taa, na wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500 kwa safari moja.

Makala yenu iliwalaumu mno wenye nyumba za likizo kwa uhaba wa nyumba za bei nafuu. Ni kweli wanachangia, na tangu Aprili 2025 Cornwall huwatoza kodi ya halmashauri maradufu. Mji wa St Ives, huku huku Cornwall, ulipiga kura mwaka 2016 kwamba nyumba mpya ziwe za wakazi wa kudumu tu; za zamani hazikuguswa. Kwangu mimi tundu kubwa liko kwingine: kwa sera ya kitaifa, mradi wa nyumba chache kuliko 10 kwa kawaida haudaiwi nyumba ya bei nafuu hata moja, isipokuwa maeneo ya vijijini yaliyotengwa, ambako halmashauri inaweza kushusha kiwango hadi tano. Ndiyo maana mjenzi mwenye shamba dogo huomba kibali cha nyumba tisa.

Msomaji wenu,
Truro, Cornwall