Asiyeweza kulipa ada ya jengo asichanganywe na asiyetaka

Kwa Mhariri,

Kwa miaka saba nimekuwa mweka hazina wa umoja wa wamiliki wa nyumba katika jengo moja la ghorofa hapa Nairobi, na nimechoka kusikia kila anayedaiwa ada ya huduma akisemwa kana kwamba ni mjanja anayeoga maji yaliyolipiwa na jirani. Wajanja wapo, nami nawajua kwa namba za milango yao, lakini hawajai hata nusu ya orodha yangu.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, mwenzetu mmoja aliyekuwa akifundisha katika shule ya kibinafsi alikosa mshahara tangu Aprili hadi mwaka ukaisha. Ada yetu ilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, hivyo kufikia Desemba alidaiwa shilingi 58,500. Kanuni zetu nazo zilitoza faini ya asilimia 5 ya malimbikizo ya ada kila mwisho wa mwezi, na faini peke yake ikafika 14,625, zaidi ya ada ya miezi miwili, kwa mtu ambaye kosa lake lilikuwa kukosa kipato. Hakuna aliyebisha hodi kumuuliza kulikoni. Tulibandika jina lake langoni, na tangazo lile niliandika kwa mkono wangu. Tangu hapo akawa anatoka alfajiri na kurudi usiku, mikutanoni hakuonekana, na aibu ile haikutuletea hata shilingi moja.

Sisemi madeni yasamehewe. Mshahara wa mabawabu, umeme wa pampu ya kisima na fundi wa lifti havingoji mtu apate kazi. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inawapa wamiliki, kupitia shirika lao, uwezo wa kutoza michango na kuidai, na anayepangisha nyumba yake kwa bei nzuri huku akikwepa ada afikishwe mahakamani mapema. Lakini kumfungia mtu maji, ilhali Ibara ya 43 ya Katiba inayataja miongoni mwa haki zake, au kutangaza deni lake langoni wakati Ibara ya 31 inalinda faragha, ni kumpa wakili wake kazi rahisi. Kamati nyingi hufanya hivyo kwa ari ya mgambo, kisha hushangaa zinapoandikiwa barua.

Ninachopendekeza ni kwamba ada ikikosekana miezi miwili, mtu mmoja, wala si kamati nzima, amwone mhusika faraghani, na wakikubaliana, waandike mpango wa kulipa kidogo kidogo, faini ikisimamishwa maadamu mpango unafuatwa. Swali gumu ni lile linaloulizwa katika kila mkutano: mbona yeye na si mimi? Jibu ni kwamba utaratibu upitishwe na wanachama wote kabla hajatajwa mtu yeyote, na kila anayeuhitaji aombe kwa masharti yale yale. Ushahidi uombwe, ila kwa kiasi. Barua ya kuachishwa kazi yatosha, hatuhitaji kusoma taarifa za benki za jirani tunayepanda naye lifti moja. Na bajeti ya mwaka itenge akiba ya kuziba pengo la miezi michache, kwa maana hakuna jengo ambalo wakazi wote huwa na kazi mwaka mzima.

Yule mwalimu tulimfutia faini aliporejea kazini mwaka 2021. Alilipa ada ya kila mwezi na kuongeza shilingi 3,000 za deni, akamaliza kwa miezi 20. Faini tulizofuta hazikuacha pengo lolote katika vitabu vyangu, kwani hazikuwa fedha ambazo tulikuwa tumezitumia popote.

Mweka hazina,
Nairobi