Barua ya kufunga muhula: kuhusu hizi roboti za kidato cha tatu

Wazazi na walezi wangu, habari za nyumbani. Muhula tumeumaliza salama, namshukuru Mungu, ripoti na orodha ya mahitaji mtazikuta kwenye bahasha so hayo sirudii hapa. Nataka tuongee jambo moja tu maana simu zimekuwa nyingi, kila mzazi anauliza hivi hawa watoto wanasoma kweli au wanachezea vigari?

Wanasoma, tena sana. Kile kigari ndo roboti lenyewe, mbele kina kifaa kama macho mawili, jicho moja linatoa sauti ambayo sikio letu haliwezi kuisikia, ikigonga ukuta inarudi, jicho la pili linaipokea, halafu programu waliyoiandika wenyewe inapiga hesabu ya ule muda kujua ukuta uko umbali gani. Kuna kundi roboti lao lilikuwa linajigonga tu, wakabadilisha waya, wakabadilisha matairi wee, mpaka binti mmoja akasema jamani sauti inaenda NA kurudi, mbona hatujagawa kwa mbili? Wakagawa, likasimama kabla ya ukuta. Ule mwangwi wa kwenye fizikia ambao watoto wanaukariri bila kuuelewa, hawa wameuelewa kwa mikono yao, na mimi kama mwalimu sina furaha kubwa kuliko hiyo.

Wengine walitumia betri ndogo ya mraba ya volti 9, kila mota zikitaka kuzunguka ubao wa Arduino, ile kompyuta ndogo inayoongoza roboti, unajizima na kuwaka upya, wakaisoma programu mstari kwa mstari kutafuta kosa wakati programu haina shida yoyote, betri ndo haina nguvu ya kusukuma mota. Waliligundua wenyewe kwa mita ya kupimia umeme. Na yale roboti yanayofuata tepu nyeusi juu ya manila nyeupe yalikuwa yanapotea njia mchana, kumbe mwanga wa jua wa dirishani unachanganya sensa, yale macho ya roboti ya kuiona tepu, wakatundika kanga dirishani yakanyooka.

Sasa ombi langu. Likizo hii kama una redio mbovu, printa iliyokufa, kigari cha betri cha mdogo wao, usitupe na usiuze kwa wa vyuma chakavu, mpe mwanao akifungue, mota na gia za humo ndo tunazitafuta na dukani ni hela. Ila kiwe hakijachomekwa kwenye umeme, na tivi za zamani zile za kichogo wasiziguse kabisa, zinatunza umeme mkali ndani hata zikiwa zimezimwa. Betri ya simu iliyovimba nayo hapana, inaweza kushika moto.

La pili ni la mabinti, na hili naomba mnisikilize vizuri. Jumatano jioni wavulana wanabaki maabara, wasichana wengi wanawahi nyumbani kwa sababu ya kazi, na wakiondoka wanaobaki ndo wanashika kompyuta, wao wakirudi kesho yake wanapewa kuandika ripoti na kupamba. Hilo silitaki shuleni kwangu. Naomba Jumatano tu aruhusiwe mpaka saa kumi na moja, vyombo vigawanywe hata kwa kaka yake. Ambaye njia yake ya kurudi ni mbali aje tuongee ofisini, tutapanga watembee pamoja na mwalimu.

Hivyo vifaa mtakavyovipata mtuletee siku ya kufungua, mwalimu wa fizikia atavipokea pale maabara.

Mkuu wa Shule