Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Tunavyowapima Wakandarasi Wetu

Ndugu wanachama, wajumbe wa Bodi na wa Kamati ya Usimamizi, ndugu Afisa Ushirika, poleni na safari na karibuni.

Hesabu za akiba, hisa na mikopo zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, nami sitazirudia. Nautumia muda wangu kwa jambo mlilolipigia kelele mwaka jana hapa hapa: tunawalipa watu wa nje kufanya kazi za chama chetu cha akiba na mikopo, je, nani anawapima, na anawapimia nini? Mikataba mikubwa ya mwaka huu ni mitatu: jengo la ofisi, ulinzi na mfumo wa kompyuta.

Nianze na fomu ya tathmini, maana ndiyo iliyokuwa inatudanganya. Kila robo mwaka ofisi ilijaza karatasi yenye vipengele vya ubora, muda, ushirikiano na mawasiliano, kila kimoja alama 1 hadi 5. Nimezipitia fomu za nyuma. Karibu kila mtoa huduma ana 4. Aliyefanya vizuri ana 4, na aliyetusumbua mpaka tukamwita kikaoni naye ana 4. Sababu haiko mbali. Anayejaza ndiye anayeongea na mkandarasi kila siku kwa simu. Akimpa 2 atatakiwa kuandika maelezo, akimpa 5 ataulizwa amepewa nini. Nne haina kesi.

Fomu hiyo Bodi imeifuta. Sasa kila mkataba una karatasi moja ya vitu vinavyohesabika, mkandarasi anaikubali siku ya kusaini, na kila kipengele kimefungwa kwenye malipo. Kipengele kisichogusa hundi hakuna anayekisoma, si sisi wala yeye.

Jengo. Mnakumbuka hofu iliyokuwapo. Ghorofa la Kariakoo liliporomoka tarehe 16 Novemba 2024, na wengi wetu hatujasahau lile la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, lililoua watu 36. Mwanachama mmoja aliuliza: letu tunajuaje? Hilo ni swali sahihi, na mimi ambaye si mhandisi sikuweza kulijibu kwa maneno. Lilijibiwa saiti.

Kwanza usajili. Kabla ya kusaini, katibu alihakiki kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwamba mkandarasi wetu yuko hai kwenye daftari na daraja lake linaruhusu kazi ya thamani kama yetu. Wakandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la 1 hadi la 7, na kila daraja lina ukomo wake. Mzabuni mmoja mwenye bei ya chini alianguka hapo. Najua wapo waliosema tumemwonea, lakini daraja lake halikuruhusu, basi.

Pili nondo. Hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu mambo mengi ya mkataba huu yalieleweka siku ile nondo zilipopimwa. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na uzito wa takribani kilo 10.6. Gari lilipoleta mzigo, msimamizi wetu aliomba mzani wa duka la mahindi la jirani, akachomoa nondo chache toka katikati ya fungu, si zile za juu. Zilikuwa nyepesi, na si kwa gramu. Kwa macho huwezi kuona: rangi ile ile, michirizi ile ile. Mkandarasi alisema ndivyo zilivyo sokoni siku hizi. Mhandisi mshauri akaandika kwenye daftari la saiti kwamba mzigo umekataliwa, wote wawili wakasaini, na gari likageuza. Ule mstari mmoja wenye tarehe na saini mbili una thamani kuliko fomu zote za alama 4 nilizozitaja.

Tatu zege. Kila lilipomwagwa, sampuli zilijazwa kwenye viboksi vya chuma vya milimita 150 na kupelekwa maabara, nyingine zikavunjwa siku ya 7 kupima nguvu yake, nyingine siku ya 28. Ya siku ya 7 ni ishara tu, kwa kawaida huwa imefika kama theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa. Ya siku ya 28 ndiyo yenye neno la mwisho. Hati ya malipo ya nguzo na slabu haikupitishwa mpaka majibu ya siku ya 28 yalipokuja. Mkandarasi alilalamika kwamba tunamkalia na fedha. Tulimjibu kwamba sharti hilo lipo kwenye mkataba, na hakuna aliyemficha.

Sasa suala la kuchelewa, ambalo najua ndilo limewaleta wengine leo. Kazi ilichelewa, na wapo waliotaka tumkate fidia ya ucheleweshaji kwa siku zote. Bodi haikukubali, na naomba mnielewe. Daftari la saiti linaonyesha ucheleweshaji wa aina tatu. Sehemu ni masika: mvua ya Machi hadi Mei ilikuwa kubwa, misingi ikajaa maji, na mkataba unampa nyongeza ya muda kwa hilo. Sehemu ni sisi: mkutano mkuu ndio uliopitisha kuongeza vyumba vya biashara chini, michoro ikarudi kwa msanifu, na mafundi wakakaa wanasubiri. Huwezi kumsimamisha mtu halafu ukamtoza kwa kusimama. Sehemu ya tatu ni yake mwenyewe, aliwahamishia mafundi wake kwenye kazi nyingine mjini. Hiyo tumemkata, na ametia saini bila kwenda kwa msuluhishi, kwa kuwa idadi ya mafundi waliofika kila asubuhi ilikuwa imeandikwa siku kwa siku. Bila daftari tungekuwa tunabishana mpaka leo, na huenda tungemlipa sisi.

Jengo limepokelewa kwa awali, na kipindi cha matazamio, cha kusubiri kasoro zijitokeze na yeye azirekebishe, kinaendelea. Sehemu ya fedha ya mkandarasi bado tumeizuia. Bomba la choo cha juu linavuja na milango miwili haifungi vizuri, na amepewa orodha ya marekebisho. Wanachama mnaopita pale, mkiona ufa au unyevu ukutani, mwandikieni katibu. Msimwambie fundi mdomoni, maana neno la mdomoni halihesabiki siku ya kuachia fedha.

Ulinzi. Hapa sina furaha. Mkataba ni walinzi wawili usiku, mmoja mchana. Kamati ya Usimamizi ilipoomba daftari la lindo ilikuta saini za walinzi wawili tofauti, mwandiko mmoja, kalamu moja, kuanzia tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi. Wajumbe walipita usiku bila taarifa na kumkuta mlinzi mmoja. Ankara, lakini, ilidai wawili.

Tulipokaa kutafuta chanzo, tuliona lingejulikana tangu siku ya zabuni. Chukua bei waliyotupa, toa gharama za usimamizi na mchango wa hifadhi ya jamii, gawanya kwa idadi ya walinzi: kinachobaki hakifiki kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023. Kampuni haiwezi kutoa fedha mfukoni kila mwezi ili itulinde. Itapunguza mlinzi. Kwa hiyo kuanzia sasa, mzabuni wa kazi inayotegemea watu ataleta mchanganuo wa mishahara, na bei isiyolipa mshahara halali haitafunguliwa mjadala hata ikiwa ndogo vipi. Malindo yaliyokosekana tumeyakata kwenye ankara, na Bodi inapendekeza mkataba huu usihuishwe. Kwa wale vijana wanaokuja kazini kweli, tumemwomba mzabuni ajaye awafikirie. Hatuwezi kumlazimisha.

Mfumo wa kompyuta nitaupitia haraka. Mkataba wa zamani ulisema mtoa huduma atashughulikia hitilafu mapema iwezekanavyo, na hiyo mapema yake mnaijua: foleni ya mwisho wa mwezi, mikopo imeiva, skrini imeganda. Mkataba mpya unahesabu saa, kuanzia tiketi, yaani taarifa ya hitilafu, ilipofunguliwa mpaka mfumo uliporudi, na siku za malipo ya mikopo zina muda wake mfupi zaidi. Akivuka, ankara ya mwezi inapungua kwa kiwango kilichoandikwa. Tangu kipengele hicho kianze kutumika amekuwa akipokea simu hata Jumapili. Usafi hauna tatizo, mama zetu wale wanafanya kazi vizuri, na tumewalipa kwa wakati.

Kuhusu kulipa kwa wakati, nilimwomba meneja aweke safu ya pili kwenye kila karatasi ya viashiria: siku ambazo chama kimechukua kulipa hati iliyothibitishwa. Anayecheleweshewa fedha ataiba saruji au ataondoa mafundi, kisha tutamwita mzembe. Safu hiyo itasomwa hapa kila mwaka pamoja na yao.

Mambo matatu yanahitaji kura yenu leo. Kutohuisha mkataba wa ulinzi na kutangaza zabuni upya. Kuridhia kwamba fedha iliyozuiliwa ya jengo isiachiwe mpaka Kamati ya Usimamizi ikague orodha ya marekebisho kwa macho yake. Na kuchagua wanachama wawili, nje ya Bodi na nje ya watumishi, watakaokuwa na haki ya kufungua daftari la saiti na la lindo siku yoyote bila kuomba ruhusa. Katibu anayo majina yaliyopendekezwa na matawi, na atayasoma baada ya chai.