Barua ya wazi kwa Kabidhi Wasii Mkuu: wenye madeni waelezwe njia ya mahakama

Mheshimiwa Kabidhi Wasii Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Temeke, ambako mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa mno, imewafanya watu wazima wazime simu na kuhama usiku. Huku mtaani RITA, wakala wa serikali unaouongoza, inajulikana kwa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Wachache wanajua kuwa ufilisi nao ni kazi yenu, chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25.

Wengi wanadhani kufilisika ni kufilisiwa tu: dalali anakuja, anabeba friji, yameisha. Kumbe mdaiwa mwenyewe anaruhusiwa kwenda Mahakama Kuu kueleza kwamba hana uwezo wa kulipa. Mahakama ikiweka mali yake chini ya mpokezi rasmi, yaani ofisa wa serikali anayeisimamia mali hiyo, mdai hawezi tena kumfungulia kesi kivyake bila ruhusa ya mahakama. Mdaiwa naye ataje kila kitu: mali, madeni, wadai na anwani zao, nani ameshika dhamana gani. Atahojiwa hadharani. Anaweza kuomba wadai wakubali kulipwa sehemu tu ya madeni. Wakikataa, atatangazwa mufilisi na mali zitagawanywa. Vifaa vya kazi, nguo na matandiko ya familia havichukuliwi, mradi thamani yake isizidi kiwango kilichowekwa.

Linaloniuma zaidi ni wadhamini. Kina mama hapa hukopa kwa vikundi na kudhaminiana. Mmoja akishaondolewa madeni na mahakama, wenzake waliomdhamini hawaondolewi, watafuatwa wao. Na benki yenye hati ya nyumba bado inaweza kuiuza. Mtu aambiwe haya kabla hajatia saini, siyo siku dalali anapogonga mlango. Aambiwe pia kwamba mufilisi ambaye hajaondolewa kwenye ufilisi na mahakama hawezi kuongoza kampuni bila ruhusa ya mahakama hiyo, wala kukopa huku akificha hali yake.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama. Ninakuomba, basi, kijitabu chepesi chenye mfano wa orodha ya mali na madeni iliyokwisha kujazwa. Kifike kwenye ofisi za serikali za mitaa, maana ndiko wakopaji wanakogongewa mihuri ya barua za mkopo. Kiseme wazi kwamba mwenye deni dogo aanze kwa kuzungumza na anayemdai, na kwamba mkopeshaji asiye na leseni aripotiwe Benki Kuu.

Tena tunaomba mwanasheria wenu aje Temeke kujibu maswali ana kwa ana. Ukumbi wa kata tutauandaa sisi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Temeke, Dar es Salaam