Kwa vijana wa Kibra: msingoje siku ya kura

Vijana wetu wa Makina, Lindi, Laini Saba, Sarang'ombe na Woodley,

Nawaandikia mapema kwa sababu Agosti 10, 2027 si mbali, na nawasikia mkisema mambo mawili yanayonisumbua. Kuna wanaosema kiti cha Kibra huwa kimeshaamuliwa, kwa hivyo kujiandikisha ni kupoteza muda. Na kuna wanaosema kwamba tangu Raila atuage Oktoba 2025, uwanja uko wazi, tutaonana siku ya kura. Wote wawili hawajaijua vizuri historia ya kiti hiki.

Kabla ya 2013 hakukuwa na eneo bunge la Kibra. Tulikuwa Lang'ata, moja ya maeneo bunge manane ya mkoa wa Nairobi, na tajiri wa Karen alikuwa na mbunge mmoja na mpangaji wa Gatwekera. Mwaka 1979 Lang'ata ilimpeleka bungeni Philip Leakey, Mzungu wa kwanza kuchaguliwa tangu uhuru. Chama kilikuwa KANU pekee, kwa hivyo mashindano yote yalikuwa ndani ya chama.

Mwaka 1988 ndio uliotufunza. Ulikuwa mwaka wa mlolongo. Wanachama wa KANU walipangwa mistari nyuma ya mgombea au mtu aliyeshika picha yake, mchana peupe, na kila mwenye macho akaona umesimama wapi. Wapangaji walikuwa wakimtafuta kwanza mwenye nyumba yuko mstari gani ndipo wajipange. Aliyepata asilimia 70 kwenye mstari alipita bila kupingwa, na kura ya siri haikumhusu tena. Nchi nzima watu walilalamika kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Shikeni hilo: mchujo, yaani kura ya ndani ya chama, ndio uliokuwa uchaguzi.

Vyama vingi vilirudi, na Desemba 1992 tukamchagua Raila Odinga kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alipokihama chama hicho na kuingia NDP, sheria ilimtaka aachie kiti. Akarudi kwetu kuomba upya, na Machi 1997 tukampa tena. Tangu hapo hadi 2013 kiti kilikuwa chake.

Mwaka 2007 nataka muuangalie kwa karibu. Katiba ya wakati ule ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Kwa hivyo kura za Lang'ata peke yake zingeweza kumfungia mtu mlango wa Ikulu. Asubuhi ya Desemba 27 Raila alifika Shule ya Msingi ya Old Kibera kupiga kura, na jina lake halikuonekana kwenye daftari. Mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, alilazimika kufika kituoni, ndipo mambo yakatengenezwa. Sasa nawauliza: kama jina la mgombea urais liliweza kukosekana katika kituo chake mwenyewe, wewe ambaye mwenyekiti wa tume hatakuja kukutafuta, jina lako umelikagua lini?

Yaliyofuata, zile vurugu za baada ya uchaguzi, mliyasikia mkiwa wadogo. Soko la Toi liliteketea, reli ikang'olewa. Waliopoteza vibanda ni mama zenu, hakuna mgombea aliyekuwa akiuza nyanya Toi. Atakayekuja na noti kukutuma mawe, mwambie hapana hata kama ni wa chama chako.

Mwaka 2013 Nairobi ikapewa maeneo bunge 17, na Kibra ikakatwa kutoka Lang'ata. Ken Okoth, mtoto wa hapa hapa, akashinda, akashinda tena 2017, na Julai 2019 saratani ikatunyang'anya. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, 2019, Imran Okoth, ndugu yake Ken, alipata kura 24,636 na McDonald Mariga 11,230. Mariga alimpigia Imran simu akampongeza, jambo ambalo wakubwa wake wengi hawajaliweza. Lakini mjue kwamba Mariga nusura asigombee kabisa, kwa kuwa jina lake halikupatikana kwenye daftari la wapiga kura. Mwaka 2022 akaja Peter Orero.

Jirani zetu wa Lang'ata walikipa Jubilee kiti chao 2017, kisha wakakirudisha ODM, chama cha Raila, 2022. Sisi tangu 2013 ni ODM kila mara. Na yule Imran aliyepata zaidi ya 24,000 mbele ya tume, tiketi ya chama aliipata kwa kura zisizofika 5,000. Eneo lenye wapiga kura zaidi ya laki moja! Simlaumu yeye, alishindana na walioshindana. Nawalaumu waliobaki nyumbani wakingoja Novemba, wakati mambo yaliamuliwa kwenye mchujo wa chama Septemba.

Kwa hivyo, anzeni na kitambulisho. Najua vijana wa Kinubi wamezungushwa miaka mingi na vikao vya kuhojiwa. Nendeni na wazee wenu, msikate tamaa. Mkishakipata, jiandikisheni kwa tume ya uchaguzi, IEBC, bila kungoja msongamano wa mwisho. Halafu kagueni mmeandikwa chama gani, maana mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua, na mtu wa namna hiyo anaweza kukataliwa mlangoni siku ya mchujo. Fanyeni hivyo hivyo kwa kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, kwa kuwa taka na vijia vya wadi ni kazi ya kaunti.

Na wakija kuomba tiketi, waulizeni habari ya ardhi. Hati ya ekari 288 ilikabidhiwa jamii ya Wanubi mwaka 2017, mwaka wa uchaguzi. Mpangaji wa Lindi naye ana nini mkononi? Kila anayetaka tiketi na ajibu hilo hadharani, kabla ya mchujo.

Mzee wenu wa Makina